Tafakari ya Juma: Shokapu Zilizokwenda Upande



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunaomba mtuvumilie tukizungumza habari za gari. Wengi wenu mnalifahamu Land Cruiser la parokia, kwa kuwa mmelisukuma matopeni. Mwaka jana, kabla ya masika, tuliamua liinuliwe. Sababu tuliyoitoa mbele ya Halmashauri ya Walei ilikuwa ya kweli: mto ulio njiani kuelekea vigango vya mbali hufurika, na mara mbili maji yalikuwa yameingia hadi miguuni petu. Hatukusema kwamba tulipenda pia jinsi gari lililoinuliwa linavyoonekana. Fundi akaweka springi ndefu zaidi mbele na nyuma, gari likapanda kwa sentimita 7, tukalinyunyizia maji ya baraka, tukaondoka.

Haukupita mwezi zikaanza kelele nyuma. Tulipochungulia uvunguni tuliona shokapu za nyuma hazisimami tena kama ndugu wawili; zote zilikuwa zimelalia upande mmoja, na mipira ya bushi ilikuwa imeliwa ubavu mmoja tu. Tukanunua bushi mpya. Zikaliwa. Tukanunua shokapu mpya kwa fedha za mavuno, yaani mahindi na maharage yenu, nazo zikaanza kuvuja mafuta. Tulimlaumu muuza vipuri kwa bidhaa hafifu. Tuliilaumu barabara. Zaidi ya wote tulimlaumu dereva wetu, tukimwambia kwamba anaendesha kama mtu asiyejua gari limetoka mifukoni mwa nani. Yeye alinyamaza.

Kisha ikaja ile jioni. Tuliitwa kwa bibi mmoja mgonjwa mahututi, ambaye jumuiya yake ilikuwa imezoea kusali uani kwake kwa miaka mingi. Alikuwa ameomba Mpako wa Wagonjwa. Katikati ya njia shokapu ya kushoto ilichomoka katika pini yake ya chini, ikaning'inia, ikawa inakwaruza mpira wa breki. Tulilala chini ya gari kwa zaidi ya saa nzima, tukiifunga kwa waya kwa mwanga wa tochi. Tulipofika, tuliona moto umekokwa nje na wanaume wameuzunguka kimya. Hatukuhitaji kuambiwa. Tuliingia, tukawasalia marehemu na wafiwa wake, na mtoto wake akatushukuru kwa kuja. Shukrani ile ilitulemea kuliko lawama.

Juma lililofuata tulilipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee wa maneno machache. Hakuzigusa shokapu. Alilisimamisha gari mahali tambarare, akachukua futi, akapima toka tairi la nyuma hadi chasisi, kushoto kisha kulia. Upande mmoja ulizidi mwingine kwa sentimita 2. Akasema ekseli yote imehama kwa sentimita 1.

Alituonyesha fito ya chuma iliyokaa mshazari juu ya ekseli, ncha moja imefungwa kwenye chasisi, nyingine kwenye ekseli yenyewe. Kazi yake ni kuizuia ekseli isiyumbe kushoto wala kulia. Chasisi ilipoinuliwa, fito ile ilisimama wima zaidi. Na kwa kuwa urefu wake haubadiliki, iliivuta ekseli kuelekea ncha iliyo kwenye chasisi. Shokapu, zilizoshikwa juu na chasisi na chini na ekseli, hazikuwa na budi kupinda. Tena zilikuwa za kimo kilekile cha zamani: kila gurudumu liliposhuka shimoni, zilivutwa hadi mwisho wake. Zilikuwa zikiteseka kwa kosa lisilo lao.

Tiba yake haikuwa ya ajabu. Aliweka fito inayoweza kurefushwa kwa nyuzi za skrubu, akairefusha mpaka vipimo vya pande zote mbili vikalingana. Akaweka shokapu ndefu zinazolingana na kimo kipya, akahakikisha mpira wa breki hauvutwi. Boliti za bushi hakuzikaza gari likiwa limening'inizwa kwenye jeki. Alilishusha kwanza, magurudumu yakabeba uzito wote, ndipo akakaza, ili mpira usikae umejipinda siku zote.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi ndio tuliotaka kupanda juu, wala hatukuuliza wale walio chini yetu watavutwa wapi. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mateso ya kiungo kimoja ni ya mwili mzima; tulilihubiri fundisho hilo mara nyingi bila kuchungulia uvunguni mwetu wenyewe. Twaamini kwamba huruma ya Mungu haikungoja gari letu ili imfikie bibi yule. Lakini imani hiyo haitupi ruhusa ya kusema kwamba kuchelewa kwetu si kitu.

Dereva tumemwomba radhi. Alitujibu, "Yamepita, Baba," akaenda kuosha gari. Tulikuwa tumemlaumu mbele ya watu, kwa hiyo tunaomba radhi hiyo hapa pia, mbele yenu.

Katika juma hili, kila mmoja wetu amtazame yule aliyepinda nyumbani mwake: mtoto aliyekuwa mkaidi ghafla, mke aliyenyamaza, mfanyakazi anayechelewa. Kabla ya kumbadilisha au kumfukuza, tupime pande zote mbili. Huenda kuna kitu tulichokiinua sisi.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko