Wachoraji Walivyojifunza Miguu ya Farasi

Kumchora farasi huanzia kwenye mifupa, na hakuna aliyeonyesha hilo kwa bidii kuliko Mwingereza George Stubbs. Alizaliwa Liverpool mwaka 1724, baba yake akiwa mtengenezaji wa ngozi. Mwaka 1756 alihamia Horkstow, kijiji cha Lincolnshire, na kwa miezi 18 hivi, akisaidiwa na Mary Spencer, alipasua farasi na kuchora alichokiona. Mzoga ulitolewa damu, mishipa ikajazwa mafuta yaliyoyeyushwa ili isinywee, kisha ukaning'inizwa kwa kulabu, miguu ikipangwa kana kwamba mnyama anatembea. Stubbs alichuna ngozi, akachora; akaondoa tabaka la misuli, akachora tena; akaendelea hivyo mpaka ikabaki mifupa mitupu. Kazi ya mzoga mmoja ilichukua wiki kadhaa, na mwenye kujua machinjio atakisia uvundo wake. Michoro hiyo aliichonga mwenyewe kwenye mabamba ya shaba, akaitoa kama kitabu mwaka 1766.

Faida ya kazi hiyo inaonekana katika picha ya farasi Whistlejacket, aliyoichora yapata mwaka 1762, ambayo sasa imo National Gallery, London. Farasi amesimamia miguu ya nyuma, karibu ukubwa wake halisi, bila mpandaji, bila mti, bila hata ardhi. Uzito wote umebebwa na nyonga, na mtazamaji anauamini.

Mifupa, hata hivyo, haifundishi mwendo. Huko Ufaransa Rosa Bonheur aliutafuta kwa farasi walio hai: kabla ya kuonyesha picha yake ya mnada wa farasi mwaka 1853, alikuwa akienda mara kwa mara kwenye soko lao mjini Paris, amevaa nguo za kiume asisumbuliwe, akichora jinsi wanavyovutwa na wanavyogoma. Farasi wake wanasukumana kweli.

Farasi aendaye shoti alibaki fumbo, kwa kuwa miguu yake hupita upesi kuliko jicho. Wachoraji walizoea kuinyoosha yote, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, tumbo likielea hewani. Ndivyo alivyofanya Théodore Géricault katika picha ya mashindano ya Epsom ya mwaka 1821, picha nzuri mno ingawa hakuna farasi akimbiaye hivyo.

Jibu lilitoka California mwezi Juni 1878. Kwa gharama ya tajiri Leland Stanford, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya mbio, na nyuzi zilizokatiza njia zikafyatua kila kamera farasi alipopita. Picha zilionyesha kwamba kweli upo wakati ambapo kwato zote nne zimeacha ardhi, lakini ni pale miguu inapokunjwa chini ya tumbo.

Mchoraji Ernest Meissonier, aliyekuwa amejijengea reli shambani kwake ili aende sambamba na farasi na kuwatazama, alilazimika kuyapima upya aliyoyajua. Edgar Degas alizipokea picha hizo kwa hamu: alinakili kutoka mkusanyo mkubwa wa Muybridge uliotolewa mwaka 1887, na akafinyanga farasi wa nta, akiwageuza mkononi ili auone mwendo kutoka kila upande.