Thimlich Ohinga kwa Jicho la Mchimbaji

Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe mwaka 2025, mchimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa kama mimi haelekei tena Mwanza akiwaza foleni ya kivuko pale Busisi. Nililala Mwanza, nikapita Tarime, nikavuka mpaka Sirari, nikashukia Migori. Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe, iko yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji huo. Bodaboda ilinipitisha Macalder, nako nikasikia makarasha ya kusagia mawe kabla sijayaona: wachimbaji wadogo, viroba vya mawe, vumbi lile lile la kwetu.

Boma lenyewe limekaa kwenye mteremko wa kilima. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na hakuna tope wala saruji iliyozishika. Sisi wachimbaji tukishusha duara, shimo la kuchimbia, tunapiga matimba ya kuzuia kuta, na bado hatulali na uhakika. Kwa hiyo nilisimama pale muda mrefu kuliko wageni wengine. Ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zilizopangwa kwa mawe yaliyochaguliwa moja moja. Katikati wameshindilia mawe madogo. Jiwe linakandamiza jiwe.

“Shikamoo, mzee,” nilimsalimu mwongoza wageni. Akacheka. “Marahaba. Nyinyi wa Tanzania mna heshima. Sasa inama.”

Mlango wa Kochieng, boma kuu, ni mfupi kwa makusudi, na juu yake yamelazwa mawe marefu bapa. Anayeingia anatanguliza kichwa, na kibanda cha mlinzi kilikuwa hapo hapo ndani. Ng’ombe nao walilala humo, maana wao ndio waliokuwa wakiwindwa. Pembeni, kwenye mwamba, mtu alichonga mashimo ya bao. Zamu za ulinzi zilikuwa ndefu, nadhani.

Inakadiriwa kuta zilianza kujengwa karne ya 16, na jamii za Kibantu na za Kiniloti zimepokezana kuishi humo. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ubishi wa nani alitangulia haunisumbui. Ukuta usio na saruji humtaka mtu wa kurudishia mawe kila yanapoporomoka, na desturi ya maboma haya ilidumu kandokando ya Ziwa hadi katikati ya karne ya 20. Kwangu, waliorudishia ndio wenyewe. Hata Carcassonne, mji wa ngome wa Ufaransa, ulikarabatiwa sana karne ya 19 na watalii hawaulizi.

Nje ya Kochieng kuna mahali walipoyeyushia chuma. Nilichuchumaa kuangalia masalia, na mzee, aliyekwisha kujua kazi yangu, akaniuliza kama mawe ya ukuta yana dhahabu.

“Kwa macho siwezi kujua, mzee. Mpaka yasagwe.”

“Basi hatutajua,” akasema, akatangulia kunionyesha Kakuku, boma jingine.