Baada ya Arobaini: Nasaha kwa Mpwa kuhusu Wanga na Sukari ya Mwilini

Kwa mpwa mpendwa,

Kisukari cha ujauzito ni hali ya sukari kupanda katika damu ya mjamzito ambaye hapo awali hakuwa na kisukari, na kwa kuwa mara nyingi sukari hiyo hushuka punde tu baada ya kujifungua, familia nyingi huhesabu kwamba jambo limekwisha. Shangazi mwenye waraka huu anaona kwamba hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya kumwandikia mpwa wake kabla arobaini haijatimia.

Wanga, yaani kile kinachopatikana kwa wingi katika nafaka, mihogo, ndizi na viazi, humeng'enywa ukawa glukosi, ambayo huingia katika damu na kuhitaji insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, ili ipokelewe na misuli. Wakati wa ujauzito, homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, hivyo kongosho hulazimika kuongeza kazi, na likishindwa kumudu ongezeko hilo sukari hupanda. Kondo likitoka mzigo hupungua, ila udhaifu uliodhihirika hautoki nalo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba wanawake waliopitia hali hii walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili angalau mara 7 zaidi ya wenzao.

Desturi ya kumpa mzazi uji wa pilipili manga wenye samli na sukari imejaa huruma, na ni kweli kwamba mwenye kunyonyesha anahitaji nguvu na maji mengi. Hata hivyo, kinachochochea maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, wala si utamu wa uji. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na iliyomo katika asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kuishusha chini ya asilimia 5, takriban gramu 25 au vijiko vidogo 6, kuna faida zaidi. Vikombe vitatu vya uji au chai, kila kimoja kikiwa na vijiko viwili, vimekwisha kufikia kiasi hicho. Mama mkwe akielezwa sababu kwa upole, hatakataa kupika uji bila sukari na kuukoleza kwa maziwa na karanga. Mpwa asione haya kumwomba.

Kuhusu ugali, dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa sembe imekobolewa ikapoteza pumba na kiini, mlimo nyuzinyuzi zinazochelewesha glukosi kuingia katika damu. Lakini dona nayo ni wanga, na tonge zake zikizidi hupandisha sukari vilevile, kwa hiyo inafaa nusu ya sahani iwe mchicha, kisamvu au mboga nyingine, robo iwe samaki au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Kuuacha wanga kabisa, kama wengine wanavyoshauriana mitaani, hakumfai anayenyonyesha, na ni hatari kwa anayetumia insulini, kwani sukari yaweza kushuka ghafla.

La muhimu kuliko yote ni kipimo. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, mpwa aende kliniki apimwe sukari kwa kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, hata kama anajisikia mzima, kisha arudie kupima kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Majibu yahifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, ili mimba nyingine ikiingia mkunga aijue historia hiyo tangu hudhurio la kwanza.

Wasalaam,
Shangazi