Nilioga mimi, stima ikampiga mtoto wa jirani

MPENZI msomaji, hebu nikuulize swali moja kabla hujaingia bafuni asubuhi ya leo. Je, wewe ni mmoja wa wale wanaofunga mfereji kwa taulo kavu kwa kuogopa kupigwa na stima? Kama ndiwe, usione haya. Hapa Nairobi tuko wengi. Nimelala katika nyumba za marafiki ambako mgeni hupewa taulo, sabuni na onyo: "Usiguse mfereji kama hujavaa ndara." Tunalisema jambo hilo kwa kicheko, kana kwamba ni desturi ya nyumba tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Nami nilikuwa nikicheka hivyo hivyo hadi Julai mwaka wa 2021.

Unaijua baridi ya Julai. Mwezi huo mtoto wetu, Zawadi, alikuwa na majuma matatu tangu azaliwe, na mke wangu alikuwa akichemsha maji kwa sufuria kutwa kucha hadi mtungi wa gesi ukawa unaisha kabla ya mwezi. Nikaona niwe mwanamume. Nilishuka mjini nikanunua shawa ya kupasha maji papo hapo, ile ya plastiki nyeupe inayofungwa juu ya kichwa cha mwogaji. Ililala kwa shilingi 3,200. Muuzaji aliniuliza swali ambalo sikulielewa siku hiyo: "Maji yenu ni ya chumvi au ya kawaida?" Nikamjibu kwamba maji ni maji. Akanionyesha nyingine, ya maji ya chumvi, iliyozidi ile yangu kwa shilingi 1,500. Nikacheka moyoni. Nilijua ujanja wa wauzaji, au nilidhani naujua.

Hapa nyumbani tunatumia maji ya kisima cha kuchimbwa. Ukipikia chai utadhani mtu ametia chumvi kwa makosa.

Fundi nilimpata kupitia kwa bawabu. Alikuja na koleo, tepu nyeusi na ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. Aliangalia bafu, akaangalia sanduku la stima lililoko mlangoni, akahesabu hatua.

"Mzee, tukivuta waya kutoka kwa boksi mpaka hapa, waya tu utakula pesa kuliko shawa," aliniambia. "Lakini kuna soketi hapa nyuma ya ukuta, chumbani. Naweza kuchukua hapo."

"Na inafaa?"

"Inafaa kabisa. Hata huu waya wa kijani si lazima tuuvutie mwenzake. Tutaufunga kwa paipu. Paipu ni chuma, inaenda chini kwa mchanga."

Nikaona maneno hayo yana akili. Kwani paipu huenda wapi kama si chini? Nikamlipa shilingi 800, na jioni hiyo mke wangu akaoga maji moto, akaniombea baraka. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, lakini nani hukumbuka methali akiwa ndani ya mvuke?

Hebu tupige hesabu pamoja, hasa ninyi wanafunzi. Shawa yangu ilikuwa ya wati 5,500. Stima yetu hapa Kenya ni ya volti 240. Gawanya 5,500 kwa 240 upate karibu ampia 23. Plagi ya kawaida, ile ya pini tatu, haikutengenezwa kubeba zaidi ya 13. Balbu hizi za siku hizi hula wati tisa hivi, kwa hiyo kila nilipooga ni kama niliyewasha balbu zaidi ya 600 kwa mpigo, zote zikinywa kupitia waya mwembamba wa soketi moja ya chumbani. Baada ya majuma mawili soketi hiyo ikaanza kunuka kama kitana kilichoangukia jikoni. Mke wangu alinusa. Mimi nikasema ni majirani wanachoma taka.

Jambo jingine lilikuwepo ambalo pua haiwezi kulinusa. Katika shawa nyingi za bei yangu, ule waya uliojikunja kama springi, unaopasha maji, uko uchi. Maji hupita juu yake moja kwa moja. Maji matamu ya mvua au ya mto hupitisha stima kidogo tu. Maji ya chumvi huipitisha vyema zaidi, na ndiyo maana muuzaji aliniuliza lile swali. Ile ya bei ghali waya wake umefunikwa, haugusani na maji. Stima inayovuja ndani ya maji hukusanywa na ule waya wa kijani, ambao mafundi huuita ethi, na unapaswa kuipeleka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini nje ya jengo. Wangu ulikuwa umefungwa kwenye paipu.

Na paipu yenyewe? Ndani ya jengo letu ni ya chuma. Lakini tangi lililoko juu ya paa ni la plastiki, na paipu inayotoka kisimani, iliyofukiwa chini, ni ya plastiki pia. Kwa hiyo chuma chote kilichomo ukutani, kutoka orofa ya nne hadi ya chini, kilikuwa kinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Chochote nilichokitia juu hakikuwa na pa kwenda ila kwenye mifereji ya watu.

Siku ya Jumanne, mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa naoga niende kazini. Kutoka orofa ya chini yetu nikasikia kishindo, kisha sauti ya mwanamke akiita jina la mtoto wake. Nilifunga maji, nikajifunga taulo, nikateremka ngazi mbio.

Kevo alikuwa na umri wa miaka minane. Alikuwa ameingia bafuni kunawa uso aende shule, pekupeku, sakafu ikiwa na maji. Alipoushika mfereji, stima ilimrusha nyuma akagonga kidevu ukingoni mwa ndoo ya saruji ya kufulia. Nilimkuta mamake amempakata, damu kinywani, jino moja la mbele limevunjika nusu. Alikuwa akitetemeka lakini anapumua. "Mfereji umeniuma," alisema. Hivyo tu.

Tulimpeleka hospitalini kwa teksi, mimi nikiwa mbele na dereva. Mama Kevo alinishukuru njia nzima. "Baba Zawadi, Mungu akubariki, umeacha hata kazi." Msomaji, kuna shukrani zinazochoma kuliko matusi. Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kushuku, kwa sababu nilijua ni nani aliyekuwa na shawa mpya.

Daktari alimpima moyo, akamweka hadi alasiri, akatuambia tushukuru. Nami nilikuja kusoma baadaye kwamba miliampia 30 tu zikipita kifuani zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Shawa yangu ilivuta ampia 23, ndiyo kusema miliampia 23,000. Kilichomfikia mtoto kilikuwa tone tu lililomwagika kutoka kwenye pipa hilo.

Fundi wa pili alikuja kesho yake. Huyu alikuwa mwanamke mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi nchini, na aliitoa mfukoni kabla sijaulizia. Hakuanza kwangu. Alishuka chini, akatafuta fimbo ya ardhi, akaikuta ikiwa nzima. Kisha akapanda kwa Mama Kevo, akaniomba niwashe shawa yangu huko juu, akaweka ncha moja ya mita kwenye mfereji na nyingine kwenye waya halisi wa ardhi. Nilipoteremka mita ilikuwa ikisoma volti 90. "Zima," akasema. Nilipanda, nikazima, nikateremka. Ilisoma sufuri.

Mama Kevo alikuwa amesimama mlangoni, anatazama. Hakuna aliyemfafanulia lolote. Alinitazama kisha akaitazama dari.

"Ni mimi, Mama Kevo," nikasema. "Ni shawa yangu."

Hakunijibu. Alimshukuru fundi, akafunga mlango. Kwa miezi miwili tulipishana kwenye ngazi kwa "habari" na "nzuri". Gharama ya jino nililipa. Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Kazi aliyoifanya fundi yule ilichukua siku nzima, na nitakueleza ili nawe ukimwita wako ujue unachopaswa kukiona. Aling'oa kila kitu cha yule wa kwanza. Soketi ya chumbani ilitoka ikiwa nyeusi mgongoni kama sufuria. Alivuta nyaya tatu mpya kutoka kwenye sanduku la stima, za milimita 6 za mraba, kwa ajili ya shawa peke yake, wa tatu ukiwa wa ardhi hadi kwenye sanduku lenyewe. Akaweka breka ya ampia 32, na swichi kubwa yenye taa nyekundu nje ya mlango wa bafu, inayokata nyaya zote mbili, ule wa moto na ule wa kurudi. Shawa ya zamani akaniambia niitupe, nikanunua ile ya maji ya chumvi. Ndiyo, kwa ile bei.

Kisha akafunga kidude ambacho mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha stima inayokwenda na inayorudi. Ikipungua kwa miliampia 30 njiani, hukata yote chini ya theluthi moja ya sekunde. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Nakibonyeza kila mwisho wa mwezi, siku ya kulipa kodi ili nisisahau, na kisipojizima nitajua kimekufa. Alinionya juu ya jambo moja: kuna mafundi ambao kikijizima mara kwa mara hukiondoa wakisema kinasumbua. Kinapojizima kinakuambia stima inavuja. Mtafute anayevujisha.

Mengine ni ya matumizi. Shawa mpya hufunguliwa maji kwanza, yaijaze, ndipo swichi iwashwe; ukiiwasha tupu waya huungua. Fanya vivyo hivyo kila maji yanaporudi baada ya mgao, maana paipu hujaa hewa. Kibonye cha kuchagua joto usikiguse maji yakiwa yanatiririka. Ukitaka maji ya moto zaidi, punguza mfereji: wati 5,500 zikipasha lita tatu kwa dakika, joto hupanda kwa nyuzi 26 hivi. Na dakika kumi za kuoga hula karibu uniti moja ya tokeni, kwa hiyo anayependa kuimbia bafuni aimbe beti chache.

Mwenye nyumba alipopata habari alituma mtu kukagua nyumba zote. Walipatikana wengine watatu waliofunga waya kwenye paipu. Wote walikuwa na hadithi ya fundi kama yangu.

Mama Kevo alikuja kutusalimu Desemba, akambeba Zawadi, akanywa chai yetu ya chumvi. Kevo sasa yuko sekondari, na jino lake lilitengenezwa vizuri hulitambui. Lakini akiwa likizoni, kila asubuhi kabla hajagusa mfereji, nasikia akiita kupitia dirisha dogo la bafu:

"Baba Zawadi! Umemaliza kuoga?"

Nami, hata nikiwa na sabuni machoni, huzima kwanza ndipo nimjibu.