Kikao Nilichokaa Kimya

Kwa miaka saba mke wangu alipimwa, akanyweshwa mizizi na kusemwa, kwa kasoro iliyokuwa mwilini mwangu mimi.

Tulioana mwaka 2011, yeye akiwa na miaka 28. Kufika mwaka wa pili, kila tukienda Tanga mama alimtazama tumbo kabla ya kumwitikia shikamoo. Hospitalini alipigwa picha ya mirija, ile ya kusukumiwa dawa kwenye kizazi, akatoka amejikunja, anashika ukuta. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Muuguzi akaniuliza, "Na wewe baba, umeshapima?" Nikamwambia mimi sina tatizo. Nilikuwa na maana kwamba chumbani sijambo. Nguvu za kiume na mbegu ni mambo mawili, nami nilijifanya ni moja.

Tena nilikuwa na dalili. Tangu ujanani, juu ya korodani yangu ya kushoto palikuwa na kitu laini, kama minyoo iliyojisokota, kikivimba nikisimama na kunywea nikilala. Sikumwambia mtu. Kwetu pwani mwenye busha huchekwa barazani, nikaogopa nami nitaitwa hivyo.

Lakini ninaloliona zito kuliko yote ni kikao cha ukoo. Wazee walizungumza habari ya mke wa pili, shangazi akatamka neno "tasa", na mke wangu yuko jikoni anasikia. Mimi nilikaa kimya.

Mwaka 2018 aliniwekea kopo la maabara mezani. "Mume wangu," alisema, "mimi nimemaliza kupimwa."

Majibu yalikuwa mbegu milioni 4 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kilikuwa milioni 15. Daktari alinisimamisha, akaniambia nijikamue kama mtu aliyefunga choo, akapapasa. Ni varikoseli, akasema: mishipa ya damu ya korodani imetanuka. Ule wa kushoto hupanda mbali hadi kwenye mshipa wa figo, na vali zake zikilegea damu hurudi chini na kutuama. Korodani ziliwekwa nje ya tumbo kwa sababu hutaka ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na damu ile iliyotuama huzipasha. Wanaume kama 15 katika kila 100 wanayo, na wengi wao huzaa bila shida. Miongoni mwa wanaotafuta mtoto bila kupata, hufika karibu 40.

Alinieleza na njia za wengine. Aliyezibwa mrija huweza kuunganishwa upya. Asiye na mbegu hata moja kwenye manii huweza kupasuliwa korodani, zikatafutwa humo kwa hadubini, na kila yai likadungwa mbegu moja, udungaji uliofanikiwa Brussels mwaka 1992. Mimi nilihitaji mkato mdogo kwenye kinena tu: mishipa iliyovimba ifungwe, ateri na mirija ya limfu iachwe. Mirija ya limfu ikifungwa kwa bahati mbaya, maji hujaa na kuleta busha lile lile nililoliogopa miaka yote.

Nilipasuliwa, nikarudi nyumbani siku ya pili. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya mitatu. Mwezi wa sita baada ya upasuaji majibu yangu yalisoma milioni 19.

Mke wangu alikuwa na miaka 36. Mwaka uliofuata alishika mimba, ikatoka wiki ya tisa. Haijaingia nyingine. Upasuaji ulitengeneza mishipa yangu. Miaka yake ya ujana niliyoipoteza haukuweza kuirudisha.

Nimerudi Tanga, kwenye mkeka ule ule wa kikao, nikawaambia wazee kwamba tatizo lilikuwa langu na kwamba nilinyamaza kwa woga. Shangazi alikwenda jikoni kumwomba radhi. Mimi nilikuwa nimeshamwomba, na bado namwomba.

Wewe uliyemaliza mwaka na mkeo bila mimba, kipimo cha manii kinataka kopo moja na siku mbili hadi saba za kujizuia. Nenda wewe kwanza, kabla yeye hajalazwa kwenye kitanda cha picha.