Mizani Tisa

Babu yangu alikuwa keya. Ndivyo walivyoitwa askari wa King's African Rifles, na Kiswahili chao cha kambini kikaitwa Kikeya: lugha iliyopunguziwa ngeli na viambishi, ambayo wasanifu waliicheka. Kwa lugha hiyo hiyo watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliamrishana, wakataniana na kuliwazana mbali na kwao. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililipita Bonde la Kabaw, nchini Burma, katika msimu wa mvua kubwa, ikiwaandama Wajapani hadi mto Chindwin. Babu alikuwamo. Burma yeye aliiita Bama, na kila alipoitaja alishusha sauti.

Nikiwa kijana niliyeanza kujidai malenga, nilimtungia shairi la beti kumi na mbili. Mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimejipanga kama gwaride. Nilimsomea barazani baada ya sala ya alasiri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mbona matope hayamo?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba risasi alizisikia siku chache, lakini matope aliishi nayo kwa miezi. Magari yalizama, mizigo ikarudi mabegani mwa watu, na maradhi yakawalaza wengi kuliko adui. Ndipo alipotaja jina la mwenzake mmoja, pamoja na la baba yake, aliyefia bondeni kwa homa. "Mtie humo," akasema.

Nikahesabu kwa vidole. Majina hayo mawili yalikuwa mizani tisa; kipande changu kilitaka nane. Nikaandika "rafiki yake mpenzi," mizani nane kamili, nikaridhika. Nilipomsomea tena, babu alinyamaza kitambo, akasema, "Maneno mazuri. Lakini marafiki wapenzi walikuwa wengi."

Hakuliomba tena jina lile. Nami sikulirudia, hadi akafariki.

Leo, kila nipitapo Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, husimama mbele ya Sanamu la Askari, lililozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wachukuzi wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918. Lina maandishi ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Ni maneno mazuri. Majina ya watu hayamo. Wachukuzi, wale wa Carrier Corps waliotuachia neno Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Niliposoma habari hiyo nilitaka kukasirika, lakini hasira ilinisuta. Mimi nami nilikuwa nimefanya vivyo hivyo, kwa wino wangu mwenyewe, tena kwa mtu ambaye jina lake nililisikia kwa masikio yangu.

Sisemi kwamba arudhi ni adui wa kumbukumbu. Shaaban Robert alivitungia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu, na mizani nane zikatosha kuubeba ulimwengu uliowaka moto. Kosa langu halikuwa la mizani. Lilikuwa la mtunzi aliyetafuta neno la kujaza nafasi, akalisahau lile aliloombwa.

Mwaka huu nimelifungua tena daftari lile. Nimeongeza ubeti wa matope. Katika ubeti wa tisa nimefuta "rafiki yake mpenzi," nikaandika jina la marehemu na la babaye, kamili kama babu alivyolitamka. Sitalitoa hapa kabla ya kuwapata jamaa zake na kuwaomba idhini. Shairi sasa lina guni, na ninyi wajuzi mtaliona mara moja.

Naliacha lilivyo.