Shuka na Gia Uliyopandia

Zamu yangu ya chama ilifika Machi. Saa mbili usiku simu ikalia: shilingi elfu sitini. Nilikuwa nimeshazipangia kazi hata kabla hazijaingia. Sikutaka sofa, sikutaka simu mpya. Nilitaka kuiongezea pikapu ya Baba nguvu.

Wacha nikuelezee hiyo pikapu. Ni Toyota Hilux ya 1997, nyeupe kwa jina tu, injini ya 3L: cc 2,779, dizeli, haina turbo, haina kompyuta, haina haraka. Baba aliinunua ikiwa imezeeka, akaizeesha zaidi. Alibeba vitanda vya watu, akabeba kuku, akabeba mchanga, na Jumapili moja akabeba kwaya nzima ikiwa imesimama nyuma inaimba. Alipofariki 2021, Mama alisema tuiuze. Mimi nilikuwa nimepoteza kazi ya ofisi mwaka uliotangulia, wakati wa korona, nikamwomba anipe miezi sita. Ile miezi sita sasa imekuwa miaka. Mwisho wa mwezi nahamisha watu, kutoka Umoja kwenda Ruiru, Pipeline kwenda Kitengela. Katikati ya mwezi naenda Narok kuleta viazi. Kwenye fomu naandika "mfanyabiashara", lakini tuambiane ukweli, mimi ni dereva.

Mtaani pikapu ilikuwa ikiitwa Kobe. Nilipokuwa sekondari, Baba akinirudisha shule, nilikuwa najikunja kwenye kiti mpaka kichwa kisionekane dirishani. Tulipitwa na kila kitu: matatu, lori za simiti, siku moja hata trekta. Baba hakujali. Kwenye mteremko ndiyo alizidi. Alikuwa anaweka gia ya pili kileleni, mguu kando ya breki, na injini inalia njia yote hadi chini. "Shuka na gia uliyopandia," alikuwa akisema, kama mtu anayesoma kutoka kwa Biblia. Mimi nilikuwa nafikiri ni uzee.

Sasa, mwezi ule wa Machi, nilikuwa nimetoka kuaibika. Nilikuwa napandisha Mai Mahiu na magunia ya viazi, gia ya pili, kisha ya kwanza, moshi nyuma, foleni nyuma ya moshi. Makanga wa matatu moja akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama nimeisukuma tangu Narok. Abiria wakacheka. Nilifika Rironi nikiwa nimeshaamua: pesa za chama zinaingia kwenye hii injini.

Hapo ndipo utajua kila mtu Nairobi ni mhandisi.

Ndugu yangu mdogo alitaka bomba kubwa la moshi. "Siz, dinga ikiwa na sauti hata kanjo watakupisha." Nikamuuliza sauti itabeba gunia ngapi. Kwa dizeli kuukuu isiyo na turbo, bomba pana linakupa kelele nyingi na nguvu kidogo sana. Rafiki yake akapendekeza matairi makubwa. Nayo ni mazuri kwa picha, lakini tairi kubwa ni kama kuipa gari gia ndefu: mlima unakuwa mgumu zaidi, spidomita inaanza kukudanganya, na breki inapata kazi ya ziada. Muuza spea mmoja Kirinyaga Road, huko ambako wazee bado wanaita Grogan, aliniambia ana chipu ya kuongeza nguvu. Nilimuuliza ataichomeka wapi, maana pampu ya 3L ni chuma na springi tupu, haina kompyuta ya kudanganya. Akaniangalia, akarudisha kiboksi chini ya meza, akaanza kuniuzia taa.

Kuna na ile dawa ya bei rahisi: kufungua skrubu ya pampu ili dizeli iingie nyingi. Kwa nusu saa na pesa ya chai unafanyiwa. Lakini dizeli bila hewa ya kuichoma inatoka kama moshi mweusi, na injini inapata joto ambalo haikuliomba. Na sisi hewa ndiyo hatuna. Ukipita Limuru uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa imepungua karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo inapumua kile ilichopewa na Mungu pale ilipo.

Kwa hivyo jibu la kweli lilikuwa turbo. Nilipata fundi kijana aliyesema ataniwekea iliyotumika kwa laki moja na themanini, pamoja na mabomba yake na marekebisho ya pampu. Niweke amana ya elfu sitini, zingine nilipe polepole. Nilijua nitakopa kwenye simu. Nilijua pia kwamba 3L ilitoka kiwandani bila turbo, na hakuna aliyeniahidi gasketi itavumilia. Lakini yule makanga bado alikuwa akicheka kichwani mwangu. Tukapanga Jumamosi.

Ijumaa nilikuwa na kazi moja. Mwalimu alikuwa amepewa uhamisho kwenda Narok, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne. Tulipakia kitanda, kabati, jiko la gesi, magunia mawili ya vitabu, tukafunga turubai, na mtoto akaketi katikati yetu na mwanasesere wake. Tulichelewa kutoka, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi nikapeleke amana.

Kama hujawahi kushuka Mai Mahiu, ni hivi: barabara inatoka Rironi kama mchezo, halafu ghafla ardhi inaisha na Bonde la Ufa linakufungukia kushoto, Longonot ukiwa mbele, na wauza ngozi za kondoo ukingoni. Kutoka hapo unashuka tu, pamoja na malori yote ya nchi hii. Nilishuka na gia ya nne. Breki, naachia, breki, naachia. Nilipita lori mbili. Nilijisikia vizuri sana, kusema kweli.

Mtoto ndiye aliyesema kwanza. "Mum, kunanuka."

Ilikuwa ile harufu ya kitu kinachoungua ambacho hakifai kuungua. Nilikanyaga breki, na pedali ikazama laini, kama kukanyaga godoro. Nikakanyaga tena. Gari ikapungua kidogo, kisha ikakataa. Mbele yangu kulikuwa na lori la mafuta, na upande wa pili kulikuwa na hewa.

Sikumbuki nikiamua. Nakumbuka mkono ukiingiza gia ya tatu, injini ikapiga yowe, halafu ya pili, ikapiga yowe kubwa zaidi, kichwa cha mwalimu kikaenda mbele, mkono wake ukamzuia mtoto. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Kobe akaanza kuwa kobe. Tulishuka hivyo, tukilia, mpaka karibu na kale kakanisa kadogo walikojenga wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, nikapata mahali pa kuegesha. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linafuka moshi.

Mwalimu alishuka na mtoto wake, akasimama mbali na gari. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliijua?" Nikasema hapana. Hilo swali limekaa nami kuliko matusi yote ya barabarani. Tulingoja saa nzima breki zipoe, kisha tukaenda Narok taratibu, na nikakataa salio lake.

Jumamosi sikwenda kwa fundi wa turbo. Nilienda Kariobangi, kwa yule mzee aliyekuwa akimtengenezea Baba. Alikuwa hajaniona tangu mazishi. Akanipa stuli, akalaza kadibodi, akaingia chini.

Alianza kuniitia vitu moja moja kama daktari wa kijijini. Kalipa ya mbele kushoto imekwama. Padi haiachii diski hata ukitoa mguu. Mafuta ya breki meusi kama chai ya rangi. Akanieleza kwamba mafuta hayo yanavuta maji kutoka kwenye hewa, na yakishakuwa na maji yanachemka mapema. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanavumilia hadi nyuzi 205, lakini yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka unakuwa na mvuke kwenye mabomba, na mvuke unabonyea. Ndiyo ile godoro niliyokanyaga.

Halafu akanyamaza. Akaniita niingie na mimi. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali ndogo yenye mkono wa chuma. Ukiweka mzigo, mwili wa gari unashuka, mkono unapandishwa, na vali inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari ikiwa tupu, inazipunguza ili magurudumu yasiteleze. Kwa yetu, ule mkono ulikuwa umekatika. Ulikuwa umefungwa na waya, na waya ulikuwa umelegea zamani. Kwa hivyo kadiri nilivyopakia mzigo, ndivyo breki za mbele zilivyobaki peke yao.

"Huu waya ni wangu," mzee akasema. "Niliufunga 2011. Nilimwambia babako ni wa wiki moja, atafute vali. Akasema atarudi akishamaliza fees."

Mwaka 2011 nilikuwa Form Two.

Sikuwa na la kusema pale chini. Dizeli ilikuwa inadondoka mahali karibu na sikio langu. Nilikuwa nafikiria ile gia ya pili, ule mguu kando ya breki, na mimi nimejikunja kwenye kiti nisionekane. Alijua kitu alichokuwa nacho na kile asichokuwa nacho, na alikuwa akiendesha kwa hesabu hiyo. Mimi nilirithi gari, nikaiacha hesabu.

"Alirudi?" nikauliza.

"Alirudi mara nyingi. Ya vali hakurudi."

Zile elfu sitini zikapata kazi nyingine. Kalipa zote mbili zilifunguliwa, zikapewa raba mpya. Padi, laini za nyuma, silinda ndogo za magurudumu, diski zikachongwa. Mafuta mapya ya DOT 4. Vali tuliipata kwenye Hilux iliyokufa, siku ya tatu ya kutafuta. Matairi mawili ya nyuma, saizi ileile ya kiwandani. Pesa iliyobaki mzee akasema tusafishe na kupima nozeli, tubadilishe filta ya hewa na ya dizeli, turekebishe vali za injini, ambazo hata yeye hakumbuki ziliguswa lini. Nilibaki na nauli.

Wiki iliyofuata nilipandisha Mai Mahiu na viazi, magunia yaleyale kwa idadi. Kwenye kona ambayo huwa nashika ya kwanza, nilipita na ya pili. Pale pa ya pili, injini ikakubali ya tatu. Nilifikiri nimekosea kuhesabu. Nilipompigia mzee, alicheka. "Ulikuwa unapanda mlima na breki imeshikwa, msichana wangu. Na injini ilikuwa inapumulia kwenye blanketi."

Kwa hivyo mtu akiniuliza leo aanze na nini kwenye pikapu kuukuu na pesa ni kidogo, namwambia aanze chini, alale kwenye kadibodi, aangalie kimefungwa nini na waya. Wengi wanakasirika. Walitaka nitaje turbo.

Na turbo bado naitaka, sitakudanganya. Zamu yangu inarudi Machi. Ndugu yangu ameshaanza kunitumia picha.

Lakini Alhamisi iliyopita nilikuwa nashuka tena, kitanda cha mtu nyuma, gia ya pili, injini inalia, mguu wangu kando ya breki nzima kabisa nisiyoihitaji. Matatu ikanipita kwa honi ndefu, na makanga akapiga kelele jambo ambalo sikulisikia. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na msichana wa mteja, kama miaka kumi na nne hivi. Nilimwona akiteleza chini polepole, mpaka kichwa chake kikatoka dirishani.

Nikamwacha. Nikaendelea kushuka.